Injini ya Zamani Inayojaa Pumzi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Sili

Malalamiko yanayorudiwa kuliko yote miongoni mwa wenye gari za zamani, Unguja na Pemba, ni ya sili isiyodumu. Giaboksi hushushwa, sili ya nyuma ya kranki hubadilishwa, gari hurejea barabarani ikiwa kavu, na kabla ya mwezi kwisha oili huonekana tena ikidondoka pale pale. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huilaumu sili kwamba ni ya bandia, na pesa hutoka mara ya pili. Hayo yalinipata mimi mwenyewe kwa gari ya petroli ya miaka ya 1990, iliyobadilishwa sili hiyo mara mbili katika masika moja. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Wete, hakuigusa sili hata kidogo. Alichomoa valvu ndogo iliyokuwa juu ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, akaitikisa karibu na sikio langu, na haikutoa sauti yoyote, kwa sababu ndani ilikuwa imeganda kwa masizi na oili nzito kama lami. Alipoweka nyingine na kusafisha mpira wake, mvujo ulipungua ukabaki unyevunyevu tu, na giaboksi haikushushwa tena.

Ndiyo maana maelekezo haya yanafuata mpango mmoja: kwanza tuhakikishe kuwa injini ina njia ya kupumua, kisha tuhakikishe kuwa pumzi yenyewe, yaani gesi inayojikusanya ndani ya injini, si nyingi kupita kiasi, na mwisho kabisa ndipo tuzungumze habari ya sili na gasketi.

Pumzi hutoka wapi, na hupitia wapi

Hakuna injini ambayo ringi zake huziba kwa ukamilifu. Kila mafuta yanapowaka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka katika tumbo la injini, yaani ile nafasi iliyo juu ya sampu (bakuli la oili la chini ya injini) ambamo kranki huzunguka. Gesi hiyo, ambayo mafundi wengi huiita pumzi, hubeba mvuke wa maji, mafuta yasiyoungua na masizi. Isipopata njia ya kutokea hujikusanya, na kwa kuwa hutafuta mahali palipo dhaifu, hutokea kwenye sili, kwenye gasketi ya tapeti kava au kwenye tundu la stiki ya oili, huku ikisukuma oili mbele yake.

Katika gari za zamani sana pumzi ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya injini, likitegemea upepo wa mwendo wa gari kuivuta nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gari za Marekani zilianza kuwekewa valvu ya PCV, yaani valvu ya kutolea pumzi kama ile aliyoichomoa mzee wa Wete, na baadaye mfumo huo ukaenea duniani. Mpangilio wake ni huu: mpira mmoja hutoka kwenye eya klina, yaani kisanduku cha filta ya hewa, na kuleta hewa safi ndani ya tapeti kava, na mpira wa pili, wenye valvu, huvuta pumzi na kuipeleka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ili ikaungue upya. Injini ikiwa katika sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi huvuta kwa nguvu sana, na valvu hujibana ili kupitisha kidogo. Ukikanyaga mafuta mvuto hupungua na valvu hufunguka zaidi. Moto ukirudi nyuma kupitia manifoldi, valvu hujifunga ili moto usifike kwenye tumbo la injini, na kwa sababu hiyo peke yake haifai kuiondoa na kuunganisha mpira mtupu.

Jambo moja husahauliwa. Gari inapopanda kilima ikiwa imejaa abiria, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, mvuto wa manifoldi karibu hutoweka, na wakati huo huo pumzi huwa nyingi kuliko wakati wowote. Pumzi iliyozidi hurudi kwa mpira wa hewa safi hadi kwenye eya klina. Kwa hiyo gari ileile inaweza kuonekana nzima kabisa katika barabara tambarare ya Makunduchi na ikaanza kutapika oili katika vilima vya Pemba. Kwa upande wa pili, gari za Mjini zinazokwenda safari fupi fupi, Darajani hadi Amani na kurudi, hazipati joto la kutosha kukausha mvuke wa maji ulio ndani ya oili. Maji hayo yakichanganyika na masizi hufanya tope, na tope ndilo huziba valvu.

Kabla ya kuanza kupima

Pima mahali palipo wazi, kwa sababu moshi wa ekzosi ndani ya banda lililofungwa huua bila kutoa onyo. Funga breki ya mkono na weka jiwe au gogo kwenye magurudumu. Vua kilemba, mtandio, kanzu au nguo yoyote yenye ncha inayoning'inia, kwa maana feni na mikanda haisubiri. Usivute sigara wala usimulike kwa kibiriti ukiwa umefungua kifuniko cha oili: pumzi ya injini ina mvuke wa mafuta na huweza kuwaka. Ikiwa injini imetoka kuchemsha, usifungue kitu chochote mpaka ipoe.

Kisha chomoa stiki ya oili, ifute, irudishe na uichomoe tena. Tazama mambo mawili: kiwango na harufu. Oili iliyozidi alama ya juu hupigwa na kranki ikawa povu, nayo hutoa dalili zote za pumzi nyingi hali injini haina kosa. Nimeona gari kadhaa zilizohukumiwa kushushwa injini ambazo tatizo lake lilikuwa lita moja ya ziada. Ikiwa kiwango kimepanda chenyewe na oili inanuka petroli, basi petroli inaingia kwenye sampu, aghalabu kutoka kwenye pampu ya mafuta ya zamani iliyochanika kiwambo chake au kabureta inayofurika. Hapo usiendeshe gari. Oili iliyozimuliwa na petroli hailindi beringi za kranki, na mvuke wake ni hatari ya moto. Rekebisha chanzo, badilisha oili na filta, ndipo uendelee na vipimo.

Oili inavuja kwenye sili na gasketi

Dalili hii ndiyo yenye kugharimu zaidi ikisomwa vibaya, na kwa hiyo inastahili subira. Ishara kwamba pumzi inahusika ni kuvuja mahali zaidi ya pamoja kwa wakati mmoja: tapeti kava, sili ya mbele ya kranki, sili ya nyuma, pengine hata mahali distribyuta inapoingia kwenye injini. Sili moja inaweza kuchoka peke yake, lakini sili tatu hazichoki wiki moja.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni valvu ya PCV iliyoziba. Washa injini, iache ipate joto, kisha ukiwa katika sailensi chomoa valvu kutoka kwenye tapeti kava bila kuiachanisha na mpira wake. Unapaswa kusikia mvumo wa hewa, na ukiweka kidole kwenye mdomo wa valvu unapaswa kuhisi kikivutwa, huku mngurumo wa injini ukishuka kidogo. Ukihisi mvuto, njia ya kutoka iko wazi. Usipohisi kitu, zima injini, ondoa valvu na uitikise. Valvu nyingi za gari za Japani za miaka ya 1980 na 1990 hutoa mlio wa kidude kinachocheza ndani. Kimya maana yake imeganda. Hata hivyo mlio peke yake si cheti cha uzima, kwani springi iliyolegea nayo hulia. Kipimo bora ni kupuliza kwa mpira safi: upande wa tapeti kava hewa ipite kwa urahisi, na upande wa manifoldi ipite kwa shida sana. Usinyonye kwa mdomo kamwe, kwa sababu uchafu uliomo ni sumu.

Valvu iliyoziba inaweza kuoshwa kwa dawa ya kusafishia kabureta, lakini kwa maoni yangu kuosha ni njia ya kufikia duka la vipuri tu. Ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika injini nzima. Kinachotakiwa ni kupata ile ya injini yako hasa, si yoyote yenye kuingia tundu. Valvu mbili zinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa kiasi cha hewa zinachopitisha, na injini ya cc 1,600 ikiwekewa valvu ya injini nyingine itavuta ama kidogo mno ama nyingi mno. Nenda dukani na ile ya zamani na namba ya injini, mathalani 4A-FE ya Toyota au G16A ya Suzuki.

Sababu ya pili ni mpira: ikiwa valvu ni nzima lakini hakuna mvuto, kagua mpira wake. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani kwa sababu ya oili hata tundu likabaki dogo kama la kalamu, ilhali kwa nje unaonekana hauna kosa. Mara nyingi pia nakuta mpira wa maji ya rejeta umewekwa badala yake, kwa kuwa ndio uliopatikana. Mpira huo hulainika kwa oili, na unapovutwa hujibana kama mrija. Mwambie mtu akanyage na kuachia mafuta huku ukiutazama: ukiubaini unajikunja na kulala, umepata jibu. Uweke mpira mnene uliotengenezwa kuhimili oili na mafuta. Baada ya hapo chokoa kwa waya laini, injini ikiwa imezimwa, lile tundu la manifoldi ambako mpira unaishia, maana masizi hupenda kukaa hapo.

Sababu ya tatu imo ndani ya tapeti kava. Chini ya tundu la valvu kuna bati la kuzuia oili isirushwe moja kwa moja, na katika baadhi ya injini kuna wavu. Vikijaa tope, valvu mpya haitasaidia kitu. Fungua kava, ondoa raba zote ndogo, liloweke usiku mzima katika mafuta ya taa, lipulize kwa kompresa na lirudishe kwa gasketi mpya. Kazi hii mwenye gari makini anaweza kuifanya mwenyewe, mradi alihifadhi kila bolti kwa mpangilio wake na asikaze kupita kiasi, kwani bolti za tapeti kava hukatika kwa urahisi.

Na kuna sababu ya nne ambayo ni ya mikono ya watu. Wapo wanaoziba mpira wa pumzi kwa bolti au kwa kitambaa ili mnunuzi asione moshi. Ukinunua gari iliyotumika na ukakuta bolti ndani ya mpira unaoelekea kwenye eya klina, liondoe kwanza, kisha ujiulize kwa makini lilikuwa linaficha nini.

Stiki ya oili inaruka, oili inatapakaa juu ya injini

Stiki inayojichomoa yenyewe ni dalili ya shinikizo kubwa kuliko ile ya sili zenye unyevu. Pitia vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu, kwa sababu valvu na mpira ndivyo vinavyoongoza hapa pia. Hakikisha vilevile kuwa raba ndogo ya kwenye shingo ya stiki haijapasuka, maana bila hiyo hata pumzi ya kawaida huinyanyua. Usiifunge stiki kwa waya. Pumzi uliyoizuia hapo itapasua mahali pengine, na mahali hapo panaweza kuwa sili ya nyuma ambayo kuifikia ni kazi ya siku nzima.

Oili ikitapakaa na kudondokea manifoldi ya ekzosi, simamisha gari. Harufu ya oili inayoungua ndani ya gari ikifuatana na moshi kutoka kwenye boneti ni sababu ya kushusha abiria hapo hapo, hata kama zimebaki kilomita mbili kufika.

Kifuniko cha oili kinapofunguliwa, injini inatoa moshi

Kipimo cha kifuniko kinajulikana na kila gereji, lakini husomwa vibaya. Injini ikiwa ya moto na katika sailensi, legeza kifuniko na ukilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo si neno, kwani kamshafti na tapeti zinazocheza chini yake husukuma hewa. Kikirushwa, au pumzi ikitoka kwa mapigo kama gari moshi, pana jambo. Njia iliyo makini zaidi, kwa gari yenye PCV, ni kuziba kwa muda mpira wa hewa safi, kungoja dakika moja, kisha kuweka kipande cha karatasi juu ya tundu la oili. Kikivutwa na kung'ang'ania, mfumo unatoa pumzi zaidi ya inayozalishwa, na injini haina cha kuogopa. Kikipeperushwa wakati tayari umethibitisha kuwa valvu na mpira ni vizima, basi pumzi imezidi, na tunaingia ndani ya silinda.

Hapo panahitajika kipimo cha kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, umeme wa koili ukatwe, mafuta yasiingie, na mtu akanyage pedali hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Injini nyingi za petroli za Toyota za miaka hiyo zikiwa nzima husoma karibu psi (kipimo cha shinikizo) 170 hadi 190. Kwa 4A-FE kikomo cha chini ni psi 142, na tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi psi 14. Tofauti ndiyo yenye maana zaidi kuliko namba yenyewe, kwa sababu vipimo vya gereji havisomi sawasawa. Silinda iliyosoma chini itiwe kijiko kimoja cha chai cha oili na kupimwa tena. Ikipanda wazi, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, kosa ni la valvu za hedi au gasketi ya hedi. Kipimo hiki cha kutia oili ni cha petroli tu. Usikijaribu kwenye dizeli, ambayo huweza kuiwasha oili hiyo au kugonga pistoni kwa kimiminika kisichobanika.

Pumzi inayotoka kwa pigo moja moja, ikiruka na kutulia, huelekeza kwenye silinda moja: ringi iliyovunjika au pistoni iliyotoboka. Hapo acha kuendesha na umwite fundi wa injini, kwa sababu kipande cha ringi kinachozunguka huikwangua silinda mpaka ikahitaji kuchongwa upya. Ikiwa silinda zote ziko chini kwa kulingana, huo ni uchakavu wa miaka, na mwenye gari ana muda wa kupanga.

Kati ya hali hizo mbili kuna ile ya ringi zilizoganda kwenye mifereji yake, na hii huwapata sana watu wenye gari zilizokaa muda mrefu bila kuwashwa au zilizowahi kuchemsha. Kabla ya kukubali injini ishushwe, inafaa kujaribu oili nzuri inayobadilishwa mara mbili kwa vipindi vifupi, pamoja na safari ndefu za mwendo wa wastani. Dawa kali za kusafisha injini kwa dakika chache siziamini kwa injini yenye tope jingi, kwani tope likibanduka kwa mkupuo huziba chujio la pampu ya oili lililomo kwenye sampu, na taa nyekundu ya oili ikiwaka hasara inakuwa kubwa kuliko ringi.

Injini iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa hutoa pumzi kidogo zaidi kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo mpaka ringi zikae. Isipopungua, rudi kwa aliyeifunga ukiwa na namba za kompresheni mkononi.

Oili imo ndani ya eya klina

Utando mwembamba wa oili kwenye bomba la hewa ni jambo la kawaida, hasa kwa gari inayopanda vilima ikiwa na mzigo. Filta iliyolowa si kawaida. Valvu iliyoziba ndiyo ya kutazamwa kwanza, kwa kuwa pumzi yote hulazimika kurudi huku, kisha bati la ndani ya tapeti kava upande wa mpira wa hewa safi, na mwisho uchakavu wa ringi. Badilisha filta baada ya kurekebisha chanzo, si kabla. Katika gari yenye kipima hewa cha waya, oili hiyo huchafua kipimio na gari ikapoteza nguvu, hata mtu akadhani ana tatizo la plagi.

Sailensi haitulii, kuna mluzi, moshi wa buluu asubuhi

Hapa valvu imekwama ikiwa wazi, au mpira umepasuka upande wa manifoldi na injini inavuta hewa isiyopangwa. Ubane mpira kwa vidole au koleo laini: sailensi ikitulia papo hapo, umefika. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi baada ya gari kulala usiku aghalabu ni wa sili za valvu za hedi, ambazo hazihusiani na pumzi.

Povu jeupe chini ya kifuniko

Uji mweupe kwenye kifuniko cha oili huwatisha watu. Ikiwa uko kwenye kifuniko tu, stiki inaonyesha oili safi na rejeta haipungui maji, ni mvuke wa safari fupi usiopata njia ya kutoka. Hakikisha valvu inafanya kazi, kisha ipe gari safari ya nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki. Ikiwa oili ya kwenye stiki nayo imekuwa kama chai ya maziwa, au maji yanapungua, maji yanaingia kwenye oili. Zima injini na usiiwashe tena mpaka fundi aifungue hedi.

Gari za dizeli

Dizeli za zamani kama Toyota 2L ya cc 2,446 na 3L ya cc 2,779, zilizoendesha Hiace na pikapu nyingi za abiria, hazina mvuto wa manifoldi kama wa petroli, na kwa kawaida pumzi hupita kwa mpira mmoja tu kutoka tapeti kava hadi kwenye njia ya hewa. Mpira huo ukiziba au kupondwa na bracketi, kila sili hupata taabu, na kuukagua ni kazi ya dakika tano.

Kuna sababu ya dizeli hizi ambayo mafundi wengi huipita. Pampu ya vakyumu ya breki imefungwa nyuma ya alteneta, hulainishwa kwa oili ya injini, na hewa inayoivuta huimwaga ndani ya tumbo la injini. Ikiwa mpira wa busta ya breki umepasuka au busta yenyewe inavuja, pampu huvuta hewa ya nje bila kukoma na kuijaza kwenye injini, nawe utadhani ringi zimekufa. Gari ikiwa imesimama na magurudumu yamezuiwa, bana kwa muda mpira unaotoka kwenye pampu na utazame kifuniko cha oili. Pumzi ikipungua dhahiri, tatizo ni la upande wa breki. Achilia mpira kabla ya kuondoka, na usiendeshe gari yenye busta inayovuja. Kwa dizeli zenye turbo, sili za turbo zilizochakaa nazo husukuma gesi kwenye sampu kupitia bomba la kurudisha oili.

Onyo kubwa kuliko yote linahusu dizeli inayovuta oili yake yenyewe. Oili ikiwa imezidi, au pumzi ikibeba oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini huweza kuigeuza kuwa mafuta yake, ikapanda mizunguko bila kukanyagwa na isizimike hata ukitoa ufunguo. Gari ya giya za mkono izimwe kwa kukanyaga breki kwa nguvu, kuweka giya ya juu kabisa na kuachia klachi. Vinginevyo mdomo wa hewa uzibwe kwa ubao bapa, kamwe si kwa kiganja wala kitambaa kinachoweza kumezwa. Ikiwa huwezi kuufikia kwa usalama, ondosha watu na ukae mbali, kwa sababu injini hiyo inaweza kupasuka. Baada ya tukio hilo hakuna cha kujaribu barabarani, gari ivutwe.

Chupa iliyofungwa kwa waya

Katika vituo vingi vya gari za abiria utaona mpira wa pumzi umechomekwa kwenye chupa ya maji ya plastiki iliyofungwa kwa waya. Siwalaumu wanaofanya hivyo, kwani angalau wameipa injini njia. Lakini chupa hiyo iwe na tundu la hewa juu, isijae, na isikae karibu na ekzosi. Kwa gari ya petroli haitoshi, maana bila mvuto wa valvu mvuke wa maji hubaki kwenye oili na tope hurudi. Na mpira ulioachwa ukining'inia bila chujio huvuta vumbi jeupe la barabara za kifusi pale injini inapopoa, nalo husaga ringi kama msasa.

Kopo la kunasa oili lililowekwa vizuri ni bora zaidi. Mpira wake usiwe mwembamba kuliko ule wa asili, uwe unapanda kutoka kwenye injini ili oili irudi yenyewe, na usiwe na tumbo linaloshuka chini ambako maji hutuama. Ndani kuwe na kizuizi au wavu wa chuma kisichoshika kutu. Steliwulu ya jikoni ya kawaida huliwa na hewa yetu ya chumvi na vipande vyake huvutwa ndani ya injini. Limwage kila wiki na usome kilichomo: majimaji ya rangi ya kahawa ni mvuke wa safari fupi, bali oili tupu inayojaza kikombe kwa siku chache ni ya ringi, na kopo kubwa zaidi litaficha tu hesabu inayokuja.

Baada ya kurekebisha

Osha injini, ikauke, kisha nyunyiza poda kidogo kwenye maungio yaliyokuwa yakivuja. Peleka gari safari yenye vilima, mfano Chake Chake hadi Wete na kurudi, na utazame poda imelowa wapi. Sili iliyokuwa ikisukumwa na pumzi mara nyingi hukauka yenyewe. Ikiwa karatasi inavutwa kwenye tundu la oili, valvu inacheza, mpira uko wazi, na bado sili ya nyuma inatiririsha, basi sasa imechoka kweli na giaboksi ishushwe. Mwombe fundi apitishe ukucha kwenye kranki pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya iwekwe milimita moja au mbili ndani au nje ya mstari wa zamani, pale nafasi inaporuhusu, kwa sababu ikikaa ndani ya mfereji huo itavuja siku ile ile, hata injini iwe inapumua vizuri namna gani.